Daktari Anajibu: Hesabu Pumzi, Hesabu Siku

Tangu baridi ya mwezi wa Juni ianze, barua zinazofika kwenye safu hii zimekuwa za pua, koo na kifua kuliko jambo lingine lolote. Ukizisoma kwa pamoja utaona kwamba waandishi wake, kuanzia mama mwenye mtoto anayenyonya hadi dereva wa masafa marefu, wanauliza swali moja kwa maneno tofauti: je, ugonjwa huu utapita wenyewe, au unahitaji dawa? Wengi wamejaribu kulijibu kwa kutazama rangi ya makohozi, ukali wa kikohozi au bei ya dawa waliyouziwa. Mimi nitawarudisha mara kwa mara kwenye kipimo kisichohitaji fedha, yaani kuhesabu: pumzi za mtoto kwa dakika, na siku za ugonjwa kwa mtu mzima. Nimechagua barua sita, na pale ambapo barua haikunipa maelezo ya kutosha nimesema wazi ni wapi mwandishi aende akapimwe.

Daktari, mwanangu wa kiume ana umri wa miezi saba. Alianza na mafua mepesi, lakini siku ya nne makamasi yakageuka kuwa ya kijani na kikohozi kikazidi usiku. Muuzaji wa duka la dawa aliniambia kuwa rangi ya kijani ni dalili ya bakteria, akaniuzia chupa ya dawa ya unga inayochanganywa na maji. Bado sijamaliza kumpa. Je, nilifanya sawa? Na nitajuaje kama ni nimonia? — Mama wa mtoto mmoja, Tanga

Mama, nianze na hilo la rangi, kwa sababu ndilo linalouza dawa nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Mwili unapopambana na maambukizi ya pua, hupeleka huko chembe nyeupe za damu kwa wingi, na ndani ya baadhi ya chembe hizo mna kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Chembe hizo zikifa na kujikusanya kwenye makamasi, makamasi hubadilika kutoka maji meupe na kuwa mazito ya njano au ya kijani. Jambo hili hutokea katika mafua ya kawaida yanayosababishwa na virusi, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya sita, na kwa hakika ni hatua moja katika safari ya kupona. Rangi hiyo inakuambia kwamba mwili unafanya kazi. Haikuambii unafanya kazi dhidi ya nani.

Ni muhimu kujua ni nani, kwa sababu dawa zinategemea hilo. Bakteria ni kiumbe kamili chenye chembe moja, kinachojilisha na kuzaana chenyewe, na aina nyingi za bakteria zimezungukwa na ukuta mgumu ambao miili yetu haina. Penisilini na jamaa zake, ikiwemo amoksisilini ambayo huenda ndiyo uliyouziwa, huzuia bakteria kujenga ukuta huo, naye hupasuka. Virusi hawana ukuta wa namna hiyo wala hawana mitambo yao ya kuzaana. Huingia ndani ya chembe za pua au mapafu na kuzilazimisha ziwazalishie virusi wengine. Kwa hiyo viuavijasumu, ambavyo wengi wetu tunaviita antibayotiki, havina mahali pa kuwashika. Mafua ya kawaida husababishwa zaidi na kundi la virusi linaloitwa rinovirusi, lenye aina zaidi ya 150, na ndiyo maana mtoto mwenye afya njema anaweza kuugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka bila ya kuwa na kasoro yoyote katika kinga yake.

Nimonia ni habari nyingine. Hapo maambukizi yameshuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, vifuko hivyo hujaa majimaji au usaha, na mtoto hulazimika kupumua haraka ili kupata hewa ya kumtosha. Ndiyo maana wahudumu wa afya katika zahanati zetu hufundishwa kuhesabu pumzi kabla ya jambo lingine, na kipimo hicho unaweza kukifanya nyumbani. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya, na ikiwezekana awe amelala. Mfunue nguo, tazama tumbo na kifua vinavyopanda na kushuka, kisha hesabu kila kupanda kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Usihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne, kwa sababu watoto wadogo hupumua bila mpangilio sawa na kosa dogo hukua likizidishwa. Mtoto wa umri wa mwanao, yaani kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifikia pumzi 50 au zaidi kwa dakika. Kwa aliyetimiza mwaka hadi kabla ya miaka mitano kiwango ni 40, na kwa mchanga wa chini ya miezi miwili ni 60. Mtoto aliyefika kiwango cha umri wake apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ukiwa bado umemfunua nguo, tazama pia sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Kwa kawaida mtoto anapovuta hewa kifua na tumbo hutanuka pamoja. Ikiwa sehemu hiyo inabonyea ndani kila anapovuta hewa, mapafu yamekuwa magumu na mtoto anatumia nguvu nyingi kuyajaza, jambo ambalo lapaswa kukupeleka kituoni hata kama hesabu ya pumzi iko chini ya kiwango. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akitoa sauti ya kukwaruza kooni wakati ametulia, au midomo na ulimi vikigeuka kuwa vya bluu, hapo mwende hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Pengine utajiuliza kwa nini daktari humpa amoksisilini mtoto anayepumua haraka, ilhali nimonia yenyewe huweza kuletwa pia na virusi. Ukweli ni kwamba kwa watoto wadogo virusi ni chanzo kikubwa, hasa kile kinachojulikana kwa kifupi kama RSV, ambacho huvimbisha mirija midogo ya hewa na kumfanya mtoto atoe mluzi anapopumua. Hata hivyo, kwa kutazama na kusikiliza tu, na hata kwa picha ya eksirei, ni vigumu sana kutofautisha nimonia ya virusi na ile ya bakteria anayeitwa nimokokasi, ambaye huua haraka. Kwa mtoto ambaye tayari anapumua haraka, hatari ya kuchelewa ni kubwa kuliko hasara ya kumpa dawa ambayo huenda hakuihitaji. Kwa mtoto mwenye mafua na pumzi za kawaida mizani hulalia upande wa pili: dawa haimsaidii, humletea kuharisha na vipele, na huwazoesha bakteria wanaoishi kwenye mwili wake kuihimili.

Usidhani kwamba nimonia ni tishio la zamani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo duniani. Lakini ipo kinga inayofanya kazi, na ushahidi wake umetoka si mbali na kwako. Chanjo ya nimokokasi ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2013. Watafiti walioufuatilia mji na vijiji vya Kilifi, ngʼambo ya mpaka kutoka Tanga, walikuta kwamba magonjwa makali yaletwayo na aina za nimokokasi zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano. Fungua kadi ya kliniki ya mwanao: dozi tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama kuna iliyorukwa, mwambie muuguzi, hujachelewa.

Kuhusu chupa uliyo nayo, usiendelee kukisia. Mhesabu mtoto pumzi leo, kisha mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa hiyo ili mhudumu aone ni dawa gani, ni kipimo gani umekuwa ukimpa, na aamue kama imalizwe au isimamishwe. Endelea kumnyonyesha mara kwa mara na kumsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi, na mtoe jikoni wakati mkaa au kuni zinawaka, kwani moshi wa ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa kiasi kikubwa. Asali msimpe hadi atimize mwaka.

Mjukuu wangu wa miaka mitatu anakohoa usiku kwa wiki tatu sasa, na akikohoa sana hutapika. Wazee wenzangu wanasema kimeo chake kimekuwa kirefu na kinamgusa koo, hivyo apelekwe kwa fundi kikakatwe. Mama yake ambaye ni mwalimu hataki. Naomba utuamulie. — Bibi, Bagamoyo

Shikamoo bibi. Mimi niko upande wa mama yake, na naomba unisikilize hadi mwisho kabla ya kuniona kijana asiyejua mila.

Kimeo ni kinyama cha kawaida kilichoning'inia nyuma ya kinywa, na husaidia katika kumeza na kuzuia chakula kisipande puani. Mtoto anapokuwa na maambukizi ya koo, kimeo huvimba pamoja na sehemu zilizo jirani nacho, kikaonekana kirefu na chekundu kwa kila anayemulika kwa tochi. Uvimbe huo umeletwa na ugonjwa uleule ulioleta kikohozi, kimeo hakikuuanzisha. Kwa nini basi watoto waliokatwa wengi hupona? Kwa sababu kikohozi cha virusi huchukua wiki mbili hadi tatu na kuisha, na watu humpeleka mtoto kwa fundi pale uvumilivu unapokwisha, ambapo huwa ni karibu na wakati uleule ambao angepona hata kama angeachwa alale. Walioingia matatani baada ya kukatwa nao tunawapokea hospitalini: waliovuja damu usiku kucha, waliopata usaha shingoni, waliopata pepopunda. Wembe uliotumika kwa watoto wawili unaweza pia kuhamisha virusi vya ukimwi na vya homa ya ini.

Sasa tuzungumze juu ya kikohozi chenyewe, kwa kuwa wiki tatu pamoja na kutapika si jambo la kupuuza. La kwanza ninaloliwazia ni kifaduro. Mgonjwa wa kifaduro hukohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, uso ukaiva, kisha huvuta hewa kwa nguvu kwa sauti kama ya kuwika, na mara nyingi hutapika mwishoni. Kifaduro huletwa na bakteria, kwa hiyo kina kiuavijasumu chake, ingawa dawa hiyo ikitolewa katika wiki ya tatu husaidia zaidi kuwakinga wengine kuliko kukikata kikohozi, ambacho chaweza kuendelea kwa miezi. Kama nyumbani mna kichanga cha chini ya miezi sita, mtenganisheni na huyu mkubwa tangu leo: kichanga mwenye kifaduro anaweza asikohoe kabisa, akaacha tu kupumua. La pili ni pumu, hasa kama kikohozi huja usiku na alfajiri na kifua hutoa mluzi. La tatu ni kifua kikuu, ambacho kwa mtoto hufuatana na kupungua uzito, na karibu kila mara kuna mtu mzima wa karibu anayekohoa. Je, yupo nyumbani kwenu? Mjukuu apelekwe na kadi yake ya chanjo, kwa kuwa ile ya kuchanganya magonjwa matano humkinga pia na kifaduro na dondakoo, na mhudumu atataka kujua alipata dozi ngapi. Usiku kijiko kimoja kidogo cha asali kabla ya kulala kitamtuliza, na kwa umri wake hakina madhara.

Mimi ni mlezi wa bweni katika shule ya wasichana. Wasichana hupata maumivu ya koo kwa zamu, hasa majira ya baridi. Huwa nina kopo la vidonge vya rangi mbili, na humpa kila mmoja vidonge viwili kwa siku hadi maumivu yaishe, kwa kawaida siku mbili au tatu. Karibu wote hupona. Mwuguzi mpya amenikataza. Je, ana haki? — Mlezi wa bweni, Iringa

Ana haki, ingawa nakuelewa: saa tano za usiku, msichana analia, na zahanati imefungwa. Tatizo la kopo lako ni kwamba linawapa dawa wasioihitaji, na linawapa kidogo mno wale wachache wanaoihitaji.

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na huisha kwa siku tatu hadi saba. Msichana mwenye mafua, kikohozi na sauti iliyokauka pamoja na koo kuuma karibu hakika ana virusi. Mpe parasetamoli, maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusukutua, na ruhusa ya kulala. Wasiwasi wangu uko kwa yule asiyekohoa wala kutokwa na makamasi, ambaye koo limemshika ghafla pamoja na homa, tezi za shingo chini ya taya zinauma zikiguswa, na ukimulika unaona mafindofindo yamevimba na yana madoa meupe ya usaha. Huyo yawezekana ana bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A, ambaye hupenda hasa watoto wa miaka 5 hadi 15 na husambaa haraka wanapolala vitanda vimekaribiana.

Bakteria huyu akiachwa, koo lenyewe hupona baada ya siku chache, na hapo ndipo hila yake ilipo. Wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili, iliyofunzwa kumshambulia, huweza kukosea na kushambulia viungo vya mwili na moyo. Viungo huvimba na kuuma kwa kuhama, kisha mashambulizi yakirudi mara kwa mara milango ya moyo hukakamaa na kuvuja. Wanawake vijana tunaowakuta wodini wakihema katika miezi ya mwisho ya ujauzito, wenye milango ya moyo iliyoharibika, wengi wao waliugua koo wakiwa wanafunzi na hakuna aliyekumbuka. Penisilini ikianzishwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma huzuia karibu madhara yote hayo, lakini ni lazima itolewe kwa siku 10 kamili ikiwa ni ya kumeza, au kwa sindano moja ya penisilini ya kukaa muda mrefu. Siku mbili za vidonge hutuliza maumivu na kumwacha bakteria hai.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwezi wa Disemba 1945, akisema kwamba ipo hatari ya mtu kujipa dozi ndogo na kuwafunza vijidudu kuhimili dawa. Wakati huo dawa ilikuwa haijaenea madukani. Kopo la vidonge mpe mwuguzi. Badala yake muombe akufundishe kutazama koo kwa tochi na kupapasa tezi za shingo, ili asubuhi ujue ni nani wa kupelekwa zahanati kwanza. Na akitokea mmoja asiyeweza kufungua kinywa vizuri, anayetokwa na mate kwa kushindwa kuyameza, au anayehema kwa shida, usisubiri asubuhi.

Baba yangu ana miaka 71 na ana kisukari. Mwakani anakwenda Hija. Tumeambiwa achanjwe homa ya mafua, naye anasema mafua si ugonjwa wa kuchanjwa na kwamba chanjo yenyewe huleta mafua. — Msomaji, Unguja

Mzee anachanganya magonjwa mawili, na wengi tunafanya hivyo kwa kuwa majina yao yanafanana. Mafua ya kawaida huja polepole, puani kwanza, na mtu huendelea na shughuli zake. Homa ya mafua, inayoletwa na virusi vya influenza, humwangusha mtu ghafla: asubuhi mzima, jioni ana homa kali, kichwa, misuli inauma na hana nguvu ya kuinuka. Kijana hupona baada ya wiki moja. Mzee mwenye kisukari anaweza kufuata njia nyingine, ambapo homa hushuka siku ya tatu au ya nne, familia ikafurahi, kisha ikarudi kwa nguvu pamoja na makohozi mazito na maumivu ya mbavu. Hapo virusi vimechubua utando wa njia ya hewa na bakteria wameingia nyuma yao. Uchunguzi wa mapafu ya waliokufa katika janga la mwaka 1918 umeonyesha kwamba vifo vingi vya wakati ule vilikuwa vya nimonia ya bakteria iliyokuja juu ya influenza, enzi ambayo hapakuwa na kiuavijasumu hata kimoja.

Chanjo ya sindano ina vipande vya virusi vilivyokwisha kuuawa, kwa hiyo haiwezi kuleta ugonjwa huo. Mkono kuuma na uchovu wa siku moja ni mwitikio wa kinga. Achanjwe angalau wiki mbili kabla ya safari, ambao ndio muda unaohitajika kwa kinga kujengeka, na kwa kuwa virusi hivi hubadilika, chanjo ya mwaka uliopita isihesabiwe. Chanjo ya uti wa mgongo ambayo Saudi Arabia huitaka kwa kila mwenye kwenda Hija ni ya ugonjwa mwingine kabisa na haichukui nafasi ya hii. Aulizie pia ya nimokokasi, ambayo inawafaa wazee wenye kisukari. Akiwa huko avae barakoa kwenye msongamano, na ajiepushe na kukaribia ngamia au kunywa maziwa yao mabichi, kwa kuwa virusi vya MERS, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza Saudi Arabia mwaka 2012, hutoka kwa wanyama hao. Homa ikimpata aende kwa daktari wa msafara siku hiyo hiyo; dawa ya influenza hufanya kazi vizuri ikianzishwa ndani ya saa 48, na sukari yake ipimwe mara nyingi zaidi kwa muda wote wa homa.

Je, kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, mchaichai na limau kunaua virusi? — Msomaji, Mwanza

Hapana. Mvuke hulegeza makamasi na mtu husikia pua imefunguka kwa muda, jambo ambalo mtu mzima anaweza kulifurahia bila madhara akiwa mwangalifu. Mvuke ambao ungekuwa na joto la kuua virusi ndani ya pua ungeiunguza pua kwanza. Mtoto msimfunike na nyungu kamwe. Majeraha ya maji ya moto tunayoyaona baada ya sufuria kupinduka chini ya shuka ni mabaya kuliko mafua yoyote.

Ndugu daktari, mimi ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Hii ni wiki ya sita nakohoa. Nimenunua dawa mara tatu njiani: kwanza amoksisilini, halafu azithromisini, halafu siprofloksasini. Ile ya mwisho ilinipa nafuu kwa wiki moja kisha kikohozi kikarudi. Usiku natokwa na jasho hadi shuka inalowa, na suruali zangu zimenilegea. Sitaki kwenda kliniki kwa kuwa nikikutwa na ugonjwa fulani nitapoteza kazi. — Dereva, Mombasa

Ndugu yangu, hesabu yako imeshapita mbali. Mtu mzima anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, popote Afrika Mashariki, anapaswa kupimwa kifua kikuu hata kama hana dalili nyingine yoyote, nawe unazo mbili za ziada: jasho la usiku na kupungua uzito. Sisemi kwamba unacho, maana sijakupima. Nasema kwamba kila siku unayoendelea kununua dawa njiani inalifanya jibu lichelewe.

Nafuu ile ya wiki moja inanitia shaka zaidi kuliko kama usingepata nafuu kabisa. Siprofloksasini ni ya kundi la dawa ambalo hudhoofisha bakteria wa kifua kikuu kidogo bila kuwamaliza. Mgonjwa hupata ahueni, akaahirisha kupimwa, na makohozi yake yakipimwa wakati huo yanaweza kutoonyesha kitu. Baya zaidi ni kwamba dawa za kundi hilo ndizo tunazozitegemea kwa kifua kikuu sugu, na kuzitumia ovyo ni kuzichosha kabla hazijahitajika. Kwa hiyo utakapofika kliniki, taja dawa zote tatu kwa majina na tarehe ulizozitumia.

Kipimo ni makohozi ya asubuhi kwenye kikopo, na mashine ya kisasa inayotafuta chembe za urithi za bakteria hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na kueleza kama bakteria huyo anahimili rifampisini, ambayo ndiyo nguzo ya tiba. Mhudumu atapendekeza pia upimwe virusi vya ukimwi, kwa kuwa magonjwa hayo mawili huambatana, na kila moja lina tiba inayotolewa bila malipo. Ukikutwa na kifua kikuu cha kawaida, utameza dawa nne kwa miezi miwili na mbili kwa miezi minne inayofuata. Ni muda mrefu, na una sababu. Nimokokasi wa nimonia anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hadi 30, na ndiyo maana siku chache za dawa humtosha. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, hujigawa mara moja kwa saa 15 hadi 20, na wengine hulala bila kujigawa kabisa wakiwa ndani ya makovu ya mapafu; dawa hazimfikii aliyelala, hungoja aamke. Anayeacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa amenenepa na kikohozi kimekwisha huwaachia uwanja hao waliobaki. Usishtuke mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, kwani ni rifampisini hiyo.

Kuhusu kazi: mgonjwa anayemeza dawa sahihi huacha kuambukiza baada ya muda mfupi, mara nyingi wiki chache, na wengi hurudi kazini wakiwa bado katika tiba. Mweleze mhudumu tangu siku ya kwanza kwamba unasafiri, ili mpange ni kituo gani cha njiani utachukulia dawa na ubebe kadi yako ya tiba kila safari. Kinachowaweka madereva nje ya barabara ni kuugua bila tiba hadi kukohoa damu wakiwa kwenye usukani.

Kabla hujapata majibu, endesha ukiwa umefungua madirisha ya kibanda cha gari, na ukohoe kwenye kitambaa. Utingo wako ambaye mmelala naye humo kwa wiki sita naye apimwe, na kama nyumbani una mtoto wa chini ya miaka mitano, mkeo ampeleke kliniki bila kungoja urudi kutoka Kampala: hata asipoonyesha dalili, ukithibitika kuwa na ugonjwa atahitaji dawa ya kumkinga.